Kati ya wangapi? Jinsi ya kupima pengo la wanawake na wanaume kijijini kwako

Maswali ninayoulizwa kila mwezi yanafanana. "Natakiwa kuandika kuhusu usawa wa kijinsia katika kata yetu, takwimu natoa wapi?" "Ripoti inasema asilimia 40, hiyo ni nzuri au mbaya?" "Mwenyekiti anasema kwetu wanawake hawana shida, nimjibuje?" Wanaouliza ni wanafunzi wa vyuo, maofisa maendeleo ya jamii walioajiriwa juzi, watangazaji wa redio za jamii na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mwongozo huu ni jibu langu kwenu wote. Nitatumia mifano ya Tanzania Bara kwa sababu ndiko ninakofanya kazi hii. Ukiwa Zanzibar au Kenya, badilisha majina ya ofisi na sheria. Hesabu ni zilezile.

Nitachukua jambo moja, umiliki wa ardhi, na kulifuata mpaka mwisho. Ukishaweza kuhesabu ardhi utaweza kuhesabu mikopo, viti vya kamati ya maji, wanaomaliza kidato cha nne, chochote.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi:

- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Excel au LibreOffice Calc itakusaidia mistari ikizidi mia moja, lakini usikwame kwa kukosa kompyuta.
- Barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, inayosema unataka kuona nini na utakitumiaje. Bila barua hiyo utazungushwa, na mtendaji atakuwa na haki ya kukuzungusha.
- Ripoti mbili za bure kutoka tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS): ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, na ya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022, ambao wengi tunauita TDHS.
- Wiki mbili za kazi. Ukijaribu kumaliza kwa siku mbili utarudi na namba usizoweza kuzitetea.

Kuna maneno mawili ya kutenganisha. Jinsi ni kuzaliwa mwanamke au mwanamume. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyagawa kwa sababu hiyo: nani arithi, nani achote maji, nani aseme mkutanoni. Rejista zinakupa jinsi tu. Jinsia utaiona wewe mwenyewe, kwa kulinganisha.

Hatua ya 1: Andika swali moja, kwa sentensi moja

"Hali ya wanawake kijijini" haihesabiki. "Mwaka huu, kati ya wakazi wenye miaka 18 na zaidi katika kijiji chetu, ni wanawake wangapi na wanaume wangapi wenye majina katika hati za hakimiliki ya kimila?" inahesabika. (Hizo ni hati za kumiliki ardhi ya kijiji.) Hakikisha swali lina nani, nini, wapi na lini. Ukikosa kimojawapo, usitoke nyumbani kwanza.

Hatua ya 2: Soma kwanza kilichokwisha kuhesabiwa

Wengi hukimbilia kutunga dodoso. Subiri. Serikali imeshatumia fedha nyingi kuhesabu, na fedha hizo ni kodi yako.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wanawake walikuwa 31,687,990, yaani asilimia 51, na wanaume 30,053,130. Namba hizi zitakuwa kipimo chako cha kwanza. Jambo ambalo wanawake wana sehemu ndogo sana kuliko nusu linahitaji maelezo.

Sensa huhesabu kila mtu. TDHS huchagua sampuli ya kaya, kisha matokeo yake yanasemea nchi nzima. Kwa hiyo kila namba ya utafiti wa sampuli ina nafasi ya kupanda au kushuka kidogo, na ripoti huionyesha katika viambatisho vya nyuma ambavyo wasomaji wengi hawafiki. TDHS ya 2010 ilikadiria vifo 454 vya wanawake kutokana na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ile ya 2015/16 ikakadiria 556. Watu walitangaza kwamba hali imekuwa mbaya zaidi. Lakini kadirio la kwanza lingeweza kuwa popote kati ya 353 na 556, na la pili popote kati ya 446 na 666. Nafasi hizo zinaingiliana, kwa hiyo hakukuwa na ushahidi wa kutosha kusema vifo vimeongezeka. Utafiti wa 2022 ulipoleta 104, tofauti ilikuwa kubwa mno kuelezwa kwa bahati ya sampuli peke yake.

Ndiyo maana usichukue asilimia ya mkoa wako kutoka TDHS ukaipachika kijiji chako. Utafiti haukufanywa ili usemee kijiji.

Hatua ya 3: Soma maana ya neno kabla ya kusoma namba

Hapa ndipo wanawake wengi wanapopotea katika takwimu, na naomba ukae nami kidogo.

Tazama "ajira". Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulikubaliana kwamba ajira ni kazi inayofanywa kwa malipo au faida. Kulima mahindi ya kula nyumbani ni kazi, lakini kwa kipimo hicho si ajira. Sasa mfikirie mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anapalilia mpaka saa tano, anarudi na kuni kichwani, anapika, anaogesha watoto, halafu mdadisi anamkuta jioni. Ikiwa mahindi yote yataliwa nyumbani, jedwali linaweza kumweka nje ya nguvu kazi. Mumewe aliyekaanga chipsi kwa saa tatu stendi ataandikwa ana ajira. Aliyeweka maana hiyo hakuwa na nia mbaya. Inasaidia kutenganisha kazi ya malipo na isiyo ya malipo, mradi zote mbili zihesabiwe. Tatizo huja pale msomaji anaposoma jedwali la ajira na kuliacha la kazi isiyo ya malipo, kisha anaandika kwamba wanawake "hawafanyi kazi".

Mfano mwingine ni mimba za utotoni. TDHS ya 2015/16 ilitoa asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, na ya 2022 ikatoa 22. Ukisoma maelezo utaona kwamba ile ya kwanza ilihesabu waliokwisha kuzaa au wenye mimba wakati ule. Ya 2022 inajumuisha na wale ambao mimba iliharibika. Kundi limepanuliwa na bado asilimia imeshuka, kwa hiyo kushuka kwenyewe kunaaminika. Kungekuwa kinyume chake, yaani kundi lipanuliwe na asilimia ipande, usingejua ni hali iliyobadilika au ni maana.

Kanuni yangu: chini ya kila namba unayonakili daftarini, andika kwa maneno yako nani amehesabiwa na nani ameachwa.

Hatua ya 4: Nenda masijala ya ardhi ya kijiji

Omba kuiona rejista ya hati za hakimiliki ya kimila. Usipige picha za kurasa. Majina na mipaka ya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe. Chora jedwali lenye safu tano: namba ya mstari, wamiliki (mwanamke peke yake, mwanamume peke yake, wa pamoja), ukubwa wa shamba kwa ekari, hali ya ndoa kama imeandikwa, na mwaka wa hati. Jina huhitaji.

Mkigawana kazi wawili, mmoja asome na mwenzake aandike, kisha mbadilishane na kurudia mistari ishirini ya kwanza. Mkitofautiana zaidi ya mara moja, anzeni upya. Inachosha, lakini ni rahisi kuliko kusahihishwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Hatua ya 5: Tafuta asili

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Watu hugombania kiasi, lakini anayeamua jibu ni asili. Kila ukiona asilimia, uliza: kati ya wangapi? Kati ya kina nani?

Namba zinazofuata nimezitunga kwa ajili ya zoezi. Kijiji kina wanawake watu wazima 620 na wanaume 560. Rejista ina hati 240. Kati yake 138 ni za mwanamume peke yake, 42 za mwanamke peke yake, na 60 ni za pamoja mke na mume.

Jibu la kwanza: jina la mwanamke limo katika hati 42 jumlisha 60, yaani 102. Gawanya kwa hati 240, unapata asilimia 42.5. Mwenyekiti atalipenda jibu hili.

Jibu la pili: hati za mwanamke peke yake ni 42 kati ya 240, yaani asilimia 17.5. Za mwanamume peke yake ni asilimia 57.5.

Jibu la tatu: badilisha asili. Acha kugawa kwa hati, gawa kwa watu. Wanawake wenye jina katika hati ni 102 kati ya 620, asilimia 16.5. Wanaume ni 138 jumlisha 60, yaani 198, kati ya 560, asilimia 35.4.

Jibu la nne: hesabu ekari. Tuseme hati za wanaume peke yao zina ekari 690, za wanawake peke yao 84, na za pamoja 240. Jumla ni 1,014. Wanawake peke yao wana asilimia 8.3 ya ardhi yote iliyosajiliwa. Ukigawa za pamoja nusu kwa nusu, unawaongezea 120 na kufikia 204, sawa na asilimia 20.1.

Rejista ni moja, na majibu ni 42.5, 17.5, 16.5, 8.3 na 20.1. Hakuna lililo la uongo. Kila moja linajibu swali lake. Miaka ya nyuma nilisoma jibu la aina ile ya kwanza mbele ya kikundi cha akina mama, na mzee mmoja wa kike akaniuliza, "Mwanangu, jina limo, sawa. Shamba je, liko kwa nani?" Sikuwa nimehesabu ekari. Tangu siku hiyo sitoi idadi ya hati bila ukubwa wa ardhi, na nakusihi ufanye hivyohivyo.

Tahadhari: mtu mmoja anaweza kuwa na hati mbili. Ukigawa hati kwa watu bila kuangalia hilo, utamhesabu mara mbili. Mwombe mtunza rejista akusaidie kubaini waliojirudia, kisha mpe kila mtu alama moja tu.

Hatua ya 6: Sema tofauti kwa njia mbili

Toa 16.5 katika 35.4, unapata pengo la pointi 18.9 za asilimia. Kisha gawa 16.5 kwa 35.4, unapata 0.47. Kwa maneno ya mkutanoni: uwezekano wa mwanamke kuwa na jina katika hati haufiki nusu ya ule wa mwanamume.

Toa zote mbili, kwa sababu njia moja peke yake hudanganya kirahisi. Kenya mwaka 2017 walichagua magavana wanawake 3, na 2022 wakachagua 7. Ukisema wameongezeka kwa asilimia 133 husemi uongo. Lakini kaunti ni 47, kwa hiyo wametoka asilimia 6.4 na kufika 14.9. Msikilizaji anastahili kusikia namba zote hizo kwa pamoja.

Hatua ya 7: Vunja kundi

"Wanawake" si kundi moja. Tenga wajane, walioolewa, walioachika na ambao hawajaolewa. Mara nyingi hati za mwanamke peke yake zimejaa wajane, na mwanamke aliye ndani ya ndoa hana hata moja. Hapo sentensi yako inabadilika kabisa: mwanamke anapata ardhi mume anapofariki. Vunja pia kwa mwaka wa hati. Ikiwa za pamoja zimeanza kuonekana baada ya kampeni fulani ya upimaji, umepata jambo la kufuatilia.

Hati za pamoja ziangalie kwa jicho la pili. Katika ndoa ya wake wengi, anayeandikwa anaweza kuwa mke mmoja, na wenzake wasionekane popote.

Hatua ya 8: Waulize watu kwa nini

Rejista itakwambia ni wangapi, haikwambii sababu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, kwa hiyo ukikuta pengo, sababu iko nje ya kifungu hicho: mirathi, ada, umbali, hofu ya kuvunja ndoa, au kutojua.

Zungumza na wanawake peke yao, na wanaume peke yao, watu sita hadi kumi kila kundi. Usiweke mkutano wa akina mama saa kumi na mbili jioni wakati wa kupika. Omba pia kila mmoja akusimulie siku ya jana saa kwa saa, tangu kuamka hadi kulala, na kila saa umuulize, "Ulikuwa unafanya nini kingine hapohapo?" Swali hilo la nyongeza ndilo linaloibua ulezi. Mama anayepika huku amebeba mtoto atasema alikuwa anapika, basi. Utafiti wa matumizi ya muda wa Kenya uliofanyika 2021 ulikuta wanawake wanatumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Muda huo ndio unaokosekana mtu anapotakiwa kwenda kufuatilia hati mara tatu.

Kama una nafasi, kaa nyuma katika kikao. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na angalau watatu wawe wanawake, yaani asilimia 42.9 ya viti. Sasa hesabu nani amezungumza, mara ngapi, na hoja ya nani iliingia katika muhtasari.

Makosa ninayokutana nayo sana

Kutumia mkuu wa kaya kama jinsi ya kaya nzima. Kaya inayoongozwa na mwanamume ina wanawake ndani yake, na utajiri wa kaya hausemi nani anashika fedha. Kaya yenye bati na ng'ombe kumi inaweza kuwa na mama asiyeweza kuuza kuku bila ruhusa.

Kutoa wastani peke yake. Shamba moja la ekari 80 linapandisha wastani wa wanaume wote. Panga mashamba kutoka dogo hadi kubwa, chukua la katikati, liandike pembeni ya wastani.

Kudhani taarifa nyingi polisi maana yake ukatili umeongezeka. Dawati la jinsia na watoto likifunguliwa na askari mwenye utu, taarifa huongezeka kwa sababu wanawake wamepata pa kwenda.

Na hili nalisema kwa msisitizo: usiende nyumba kwa nyumba kuuliza wanawake kama wanapigwa. TDHS huuliza, lakini wadadisi wake wamefunzwa, mwanamke mmoja tu ndiye huulizwa katika kaya, na mahojiano hufanywa kwa faragha au hayafanywi. Wewe ukiondoka, yeye anabaki na aliyesikia. Tumia takwimu zilizopo.

Ukikwama

*Rejista haina safu ya jinsi.* Usikisie kwa majina. Amani, Imani na Furaha ni majina ya wote. Kaa na mwenyekiti wa kitongoji awatambue, na asiyetambulika mwandike "haijulikani" na utaje idadi yao.

*Sipati idadi ya watu wazima wa kijiji.* Anza na takwimu za sensa za kata yako. Kisha omba rejista ya wakazi ya mtendaji. Zikitofautiana sana, toa hesabu kwa zote mbili na useme unategemea ipi na kwa nini.

*Idadi ni ndogo mno.* Katika kamati ya watu watano, mwanamke mmoja akimpisha mwanamume, asilimia ya wanawake inashuka kwa pointi 20. Chini ya watu 30, acha asilimia, andika "wawili kati ya watano".

*Mtendaji amekataa.* Muulize anachohofia. Mara nyingi ni majina. Mwonyeshe jedwali lako lisilo na safu ya majina. Akikataa bado, nenda na barua kwa mtendaji wa kata, au kwa ofisa ardhi wa wilaya.

*Takwimu mbili zinapingana.* Linganisha mwaka, umri wa waliohesabiwa na maana ya neno, kwa mpangilio huo. Ni nadra kufika mwisho bila kuiona tofauti.

*Mkutanoni wanaume wamekasirika.* Usianze na asilimia. Chora duara la ekari 1,014 kwenye bango, kata kipande cha 84, ukiache hapo. Halafu soma hesabu pamoja nao, mstari kwa mstari, na umwombe mmoja wao ashike kikokotoo. Baada ya hapo mwachie nafasi mama wa kwanza atakayenyoosha mkono.